Kegi Iliyobaki Baada ya Sherehe: Tafuta Chanzo Kabla ya Kumwaga Bia

Miaka kadhaa iliyopita, baada ya mahafali ya mpwa wangu huku Texas, nilirudi nyumbani na kegi iliyobaki karibu nusu. Siku ya tatu bia ilitoka na ukali wa siki. Nikafungua koki, nikaiacha itiririke uani mpaka pipa likakauka, lita zisizopungua 25. Wiki mbili baadaye nikafunga kegi mpya kwenye mpira uleule unaopitisha bia kwenda kwenye koki. Asubuhi yake glasi ya kwanza ikawa na siki ileile. Bia niliyoimwaga haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa ndani ya mpira ambao sikuwahi kuuosha tangu niununue.

Ndiyo maana mtu akinipigia simu kuniambia kegi yake imeharibika, namuuliza kwanza: shida iko ndani ya kegi, au iko njiani kati ya kegi na glasi? Mara nyingi iko njiani, na ya njiani hutengenezeka.

Sisi tuliokulia Kenya tuliijua kegi kama kitu cha baa. Bia ya Senator ilipoingia sokoni mwaka 2004, ikiwa imepunguziwa ushuru ili watu waache chang'aa, ile pombe kali ya kienyeji, pipa lilifunguliwa na wateja wakalimaliza kabla halijapata nafasi ya kuharibika. Kuiweka kegi nyumbani kwa wiki kadhaa ni elimu nyingine, na wengi wetu tumeipatia huku ughaibuni, ambako harusi na mahafali huisha pipa likiwa bado na bia na hakuna anayejua pa kuipeleka. Nitazungumzia kegi za Marekani kwa sababu ndizo ninazoshika kila mara. Kwa aliye Ujerumani au Uingereza mambo ni yaleyale, isipokuwa ukubwa wa pipa na aina ya kichwa chake.

Kabla hujaibeba

Swali la kwanza, na ukikosa nafasi ya kuuliza mengine uliza hili tu: bia ilisukumwa na nini? Ukiona juu ya kegi pampu ya mkono, ile inayopigwa kama pampu ya baiskeli, ujue ndani kumeingia hewa ya kawaida, na asilimia 21 ya hewa hiyo ni oksijeni. Bia iliyokutana na oksijeni huhesabiwa kwa saa. Usiku wa sherehe ni nzuri, kesho yake mchana inavumilika, keshokutwa imepooza na ladha yake imegeuka. Mtu wa Pwani hahitaji maelezo marefu hapa: mnazi wa asubuhi ni mtamu, wa jioni ni mkali, na ukiachwa wazi siku kadhaa unakuwa siki ya kupikia. Bia huenda polepole kuliko mnazi, ila njia ni ileile.

Kama ilisukumwa kwa mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi na haikutoka kwenye baridi, mambo ni tofauti kabisa. Kegi hiyo hukaa wiki sita hadi nane ikiwa nzuri, hata kama nusu imeshanyweka.

Swali la pili: ililala wapi? Bia nyingi za kegi zinazotengenezwa Marekani hazipitishwi kwenye joto la kuua vijidudu kama zile za chupa. Zinalindwa na baridi tu, kuanzia kiwandani mpaka kwenye glasi. Ikipanda kupita nyuzi 10 za Selsiasi na kukaa hapo, vijidudu vilivyolala huamka. Kegi iliyoshinda gereji mwezi wa Julai na kulala hapo usiku, mimi siichukui hata ya bure. Kegi nyingi zinazotoka nje ya Marekani zimepitishwa kwenye joto, kwa hiyo zinastahimili zaidi, lakini na zenyewe zikishafunguliwa zinataka baridi.

Kisha ujue kilichomo ni kiasi gani. Usiitingishe kukisia kwa sauti, maana kuitingisha kunakuletea povu la siku nzima. Ipandishe kwenye mizani ya bafuni. Kegi kubwa ya Marekani hubeba lita 58.7, tupu ina uzito wa kilo 13 na nusu hivi, ikijaa inafika karibu kilo 73. Lita moja ya bia ni kilo moja na kitu kidogo. Mizani ikisoma 40, umebakiwa na lita 26, yaani kama glasi 70 za kawaida ukishatoa povu na za kujaribia. Ile ndogo nyembamba ya lita 19.5 hukaribia kilo 7 ikiwa tupu na 26 ikijaa. Ukiambiwa "bado nusu" na mizani ikasema robo, utajua cha kuchangia.

Kuhusu pesa, nitakuwa wazi. Kuuza pombe bila leseni ni kosa, na jirani anayekuuzia kegi aliyoifungua anajiingiza kwenye kosa hilo hata kama bei ni ya kirafiki. Kilicho salama ni kuchanga tangu mwanzo: mnanunua pamoja dukani, mmoja anaandikwa jina, na mnapatana mapema nani atabaki na salio. Baadhi ya majimbo, California ikiwemo, huifunga kegi lebo ya usajili dukani. Usiibandue. Pipa lenyewe ni mali ya kiwanda cha bia. Ulicholipa dukani ni dhamana tu, na kama jina kwenye risiti si lako, patana na mwenye risiti jinsi dhamana itakavyorudi.

Ukiibeba, ondoa kwanza kapla, kile kichwa cha chuma kinachofungwa mdomoni mwa kegi. Isimamishe wima kwenye buti, ifunge isianguke, iende moja kwa moja kwenye baridi.

Ilikuwa na pampu, lakini ni jana tu

Watu hunifikia mara nyingi wakiwa hapa, na kuna kitu cha kufanya wakiwahi. Ondoa pampu, funga kapla ya gesi, ingiza kaboni dioksidi, kisha vuta kile kipete cha kupumulia kwenye kapla ili hewa iliyo juu ya bia itoke. Iache gesi ijae tena, vuta tena. Rudia mara sita au saba. Kila mara unayopumua, unaondoa sehemu ya oksijeni na kuweka gesi safi mahali pake. Halafu ipeleke kwenye nyuzi 3.

Oksijeni iliyokwisha kuyeyuka ndani ya bia haitoki. Unachonunua kwa kazi hiyo ni siku chache, labda nne au tano za kunywa kitu cha heshima. Waalike watu mwishoni mwa wiki hiyohiyo. Wala usijaribu kompresa ya kujazia matairi. Hiyo ni hewa ileile, tena imebeba vumbi na mafuta ya mashine.

Povu tupu

Hili ndilo tatizo linaloongoza, na ndilo watu wanalitibu kinyume. Wakiona povu wanapunguza presha ya gesi. Povu linaendelea, wanapunguza tena, na baada ya siku tatu wana bia iliyokufa na povu bado lipo.

Anza na kipimajoto, achana na geji ya presha kwanza. Toa glasi mbili, ya kwanza imwage, kwenye ya pili tumbukiza kipimajoto cha jikoni. Unataka nyuzi 3 hadi 4 za Selsiasi, ambazo kwa kipimo cha Marekani ni karibu 38. Usiamini namba iliyo kwenye mlango wa friji. Hiyo ni joto la hewa ya friji, na kegi iliyotoka kwenye gari huchukua siku nzima, wakati mwingine zaidi, kufikia baridi hiyo mpaka katikati. Ikiwa kipimajoto kinasoma 8 au 10, umeshapata jibu: gesi haikai ndani ya kinywaji cha vuguvugu, inatoka yote kwa mkupuo ukifungua koki. Subiri ipoe. Hakuna dawa nyingine.

Ikiwa baridi iko sawa, angalia povu linatokea lini. Kama ni glasi ya kwanza pekee, na ya pili na ya tatu zinatoka safi, joto liko kwenye mnara wa koki, ile sehemu inayosimama juu ya friji. Bia iliyolala ndani ya mpira pale juu imepata joto la chumba. Feni ndogo inayopuliza baridi ya friji kwenda juu ndani ya mnara humaliza tatizo hilo, au kama hutaki gharama, kubali kupoteza robo glasi ya mwanzo kila unapoanza.

Kama kila glasi ni povu, sasa njoo kwenye presha. Kwa bia nyingi za kawaida, ikiwa kwenye nyuzi 3, geji inatakiwa isome 10 hadi 12 kwa kipimo cha psi, yaani karibu 0.8 kwa bar. Ikiwa mtu amekuachia 20 baada ya sherehe ili bia itoke haraka, gesi ya ziada imeshaingia ndani ya bia. Funga gesi, vuta kipete cha kupumulia, iache saa kadhaa, vuta tena, mpaka itulie, kisha irudishe kwenye 12.

Sasa lile linalowachanganya watu: presha ikiwa ndogo mno nayo huleta povu. Bia iliyotengenezwa kushika gesi ya presha ya 12, ukiipa 5, gesi hujitoa yenyewe ndani ya mpira kabla bia haijafika kwenye koki. Utaiona. Chukua tochi, angalia mpira unapotoka kwenye kegi ukiwa umefunga koki: kama kuna mapovu madogo yanayopanda, au nafasi tupu kati ya bia na bia, presha ni ndogo au kuna mahali panapovuja. Wanaoishi nyanda za juu wanakutana na hili zaidi. Denver iko mita 1,600 juu ya bahari, Nairobi karibu 1,800, na hewa ya huko ni nyepesi, kwa hiyo geji lazima isome zaidi ili bia ipate msukumo uleule: ongeza karibu psi 1 kwa kila mita 600. Mtu wa Nairobi anayefuata maelekezo yaliyoandikwa kwa mji ulio ufukweni atabaki na upungufu wa psi 3 bila kujua kwa nini bia yake haitulii.

Ukimaliza hayo yote na povu bado lipo, zimebaki sababu ndogondogo. Koki inafunguliwa nusu. Ifungue yote kwa mara moja, inamisha glasi, usichungulie. Mpira ni mfupi: friji nyingi za kegi huuzwa na mpira wa mita moja na nusu, na bia inafika kwenye koki ikiwa na mbio nyingi. Weka wa mita tatu wa kipenyo kilekile, takriban milimita 5 kwa ndani, na utashangaa. Au sili ya kapla, ule mpira mweusi wa mviringo, imechanika na inaruhusu gesi kuingia kwenye njia ya bia. Ibadilishe, ni kitu cha dola chache.

Bia imelala, haina gesi

Kwanza hakikisha kweli imelala. Glasi yenye mafuta au mabaki ya sabuni huua povu mara moja, na bia inaonekana mfu kumbe ni nzima. Lowesha glasi kwa maji safi, nyunyiza chumvi ndani. Chumvi ikishika kila mahali, glasi ni safi. Ikishika kwa mabaka, hapo kwenye mabaka matupu pana mafuta. Ioshe tena bila sabuni ya kunukia, uiache ijikaushe yenyewe bila kufutwa kwa kitambaa.

Ikiwa glasi ni safi, tazama mtungi. Geji ya upande wa mtungi haikuonyeshi gesi iliyobaki, kwa sababu kaboni dioksidi imo ndani kama maji, yaani imegeuka kimiminika. Kwenye nyuzi 20 itasoma karibu bar 57 mtungi ukiwa umejaa, na itasoma hivyohivyo ukiwa umebaki robo. Sindano inaanguka pale tu maji yanapokwisha, na hapo umebakiwa na glasi chache. Mtungi ulio ndani ya friji utasoma chini ya hapo, karibu 38, na watu huukimbiza kujazwa bure. Upime kwa mizani. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa shingoni mwake.

Bia iliyopoteza gesi kwa sababu mtungi uliisha inarudi. Weka presha 12 kwenye nyuzi 3 na uiache, usiiguse kwa wiki. Haraka ya kuipandisha mpaka 30 na kuitingisha inafanya kazi kwa mwenye mkono mzoefu, lakini wengi huvuka mpaka na kurudi kwenye povu. Iliyolala kwa sababu ya pampu ya mkono nayo itapata gesi upya, ila ladha haitarudi.

Haitoki kabisa

Pita haraka: gesi imefunguliwa? Mkono wa kapla umeshushwa mpaka ukalia? Kegi ina uzito bado?

Ikiwa vyote viko sawa, gusa mpira. Ukiwa mgumu kama kijiti, bia imeganda ndani. Bia ya kawaida huanza kuganda kwenye nyuzi 2 hadi 3 chini ya sifuri, na friji zilizogeuzwa kutoka friza hufika huko usiku bila kukuambia. Izime, ifungue mlango, isubiri. Usimwagie maji ya moto.

Kapla isiyolingana ni sababu nyingine, hasa kwa kegi iliyobaki kwenye sherehe ya watu wengine. Kegi za Marekani hutumia kapla ya aina ya D, nyingi za Ulaya hutumia S, za Ujerumani nyingi ni A, na Guinness ina yake, U. D na S zinafanana sana kwa macho, zinatofautiana kwa urefu wa ile ncha ya katikati. Kama inagoma kuingia, usiilazimishe kwa nyundo wala spana.

Na Guinness usiiweke kwenye gesi uliyozoea. Inasukumwa kwa mchanganyiko wa naitrojeni asilimia 75 na kaboni dioksidi 25, kwa presha inayokaribia 30 au zaidi kidogo, kupitia koki yenye vitundu vidogo. Ukiisukuma kwa kaboni dioksidi pekee siku chache, inakuwa kali ulimini na ule ulaini wake wa maziwa unapotea.

Ladha imegeuka

Hapa ndipo nilipomwaga lita 25, kwa hiyo soma polepole.

Tafuta koki ndogo ya plastiki yenye kipande kifupi cha mpira, ile ya kutumia kwenye pikiniki. Iwe mpya au imeoshwa vizuri. Ifunge moja kwa moja kwenye kapla safi, toa nusu glasi, onja. Kisha onja inayotoka kwenye mpira wako wa kila siku. Ya koki ndogo ikiwa nzuri na ya mpira mrefu ikiwa mbaya, kegi ni nzima na mpira ndio mgonjwa. Zikiwa mbaya zote mbili, basi ni bia yenyewe.

Ladha pia inazungumza. Ukali wa siki unatokana na bakteria wanaohitaji hewa, kwa hiyo uwatafute kwenye koki isiyooshwa, mdomoni mwa mpira, au kwenye kegi iliyopigwa pampu. Uchachu laini kama wa maziwa lala ni bakteria wengine, wanaoishi hata pasipo hewa, na makao yao ni mpira mchafu. Harufu ya siagi au bisi zilizokaangwa, katika bia ambayo mwanzoni haikuwa nayo, ni ya jamaa hao hao wa mpira. Ukisikia ladha ya katoni iliyolowa mvua, hiyo ni oksijeni, na kuosha mpira hakutaisaidia. Bia imezeeka kabla ya siku zake. Kwa wanaoogopa kuugua: vijidudu hivi vinavyoharibu bia haviko katika wale wanaoleta maradhi. Kinachopotea ni ladha na pesa.

Kuosha mpira ni kazi ya nusu saa. Nunua dawa ya kuoshea njia za bia, iliyo ya magadi makali, uichanganye na maji ya vuguvugu kwa kipimo kilichoandikwa. Vaa glavu na miwani, maana inaunguza ngozi na macho. Izungushe ndani ya mpira dakika 15, kisha pitisha maji safi mpaka utelezi uishe kabisa kwenye vidole. Ifungue koki, isugue vipande vyake kwa burashi. Mabaa yanayojiheshimu hufanya hivi kila baada ya siku 14, na kila miezi mitatu hupitisha dawa ya asidi kuondoa ule ukoko mgumu wa madini unaoshika ndani. Nyumbani, ambako bia inalala kwenye mpira siku mbili tatu bila kuguswa, hupaswi kuwa mlegevu kuliko baa. Mimi naosha kila kegi inapobadilishwa, na katikati kama imekaa zaidi ya wiki mbili. Mpira uliokwisha kunuka siki utupe. Ni mipira ya bei ndogo na harufu imeshaingia ndani ya plastiki yake.

Imekuwa na ukungu

Bia ya ngano ya Kijerumani inatakiwa iwe na ukungu, iache. Kwa nyingine, glasi mbili za kwanza baada ya kuihamisha kegi zinaweza kuwa na hamira iliyoamshwa chini, na saa kadhaa za kutulia zinatosha. Bia iliyoganda kisha ikayeyuka hubaki na vipande vyepesi vinavyoelea. Haina madhara, sura tu imeharibika. Ukungu unaokuja pamoja na uchachu, rudi kwenye mpira.

Gesi inaisha haraka

Kusukuma kegi kubwa nzima kunahitaji karibu robo kilo ya kaboni dioksidi. Mtungi mdogo wa kilo 2.3 unapaswa kukuhudumia kegi kadhaa. Ukiisha ndani ya wiki na bia haijapungua sana, inavuja. Changanya sabuni ya maji na maji, pakaza kwa burashi kwenye kila kiungo: mtungi na regyuleta (kile kifaa cha kurekebisha presha), regyuleta na mpira wa gesi, mpira na kapla, kapla na kegi. Panapotoka viputo ndipo. Mara nyingi ni ile washa ndogo, kiringi cha kuzibia kati ya mtungi na regyuleta, ambayo fundi wa kujaza gesi hutoa na wewe husahau kuirudisha. Kukaza zaidi kwa spana bila washa hakuzuii kitu. Mtungi usimame wima daima. Ukilala, kaboni dioksidi ya maji huingia kwenye regyuleta na kuiua.

Hili nalisema kwa uzito. Gesi hii haina harufu, ni nzito kuliko hewa, na hukusanyika sakafuni kwenye chumba kilichofungwa. Usiweke mtungi chumba cha kulala, wala kwenye stoo ya chini ya ardhi isiyo na dirisha. Ukiingia na kuanza kuhema, kichwa kikauma na kizunguzungu kikaja, toka kwanza. Usiiname kufunga mtungi. Fungua milango ukiwa nje, subiri, ndipo urudi na mtu anayekuona.

Kegi imekauka

Funga gesi, vuta kipete mpaka sauti ya kupumua iishe, ndipo uondoe kapla. Kuna watu wanaotaka kuligeuza pipa jiko la nyama au tangi la maji, na wanaanza kwa kung'oa vali ya mdomoni likiwa bado na presha. Ule mrija wa ndani unaruka kama risasi, na umeshaua watu. Na pipa ni la kiwanda. Lisuuze nje, lipeleke dukani pamoja na risiti, na kama risiti ina jina la mwenzako, mpigie simu kabla hujatoka nyumbani mwende wote.